Tangi la Maji Likikauka

Kabla ya kufungua boneti, fundi alimletea mwenye gari birika. Lilikuwa birika la umeme la chai ya gereji, la miaka mingi, na ndani yake kulikuwa na utando mweupe mgumu kama chokaa ya ukutani. Mwenye gari, kijana wa Mombasa, alikuwa amekuja na dumu la maji ya bomba ya kupulizwa ndani ya injini yake, na swali lake lilikuwa la kawaida: "Mzee, maji ya hapa si masafi? Watu wanayanywa." Fundi ni mtu wa Tanga, amekaa Tottenham miaka mingi kuliko umri wa huyo kijana. Akakwaruza ubavu wa birika kwa bisibisi, gamba likamwangukia kiganjani. "Hata haya tunayanywa, mwanangu. Lakini tundu la nozeli yako halifiki hata tundu la sindano."

Maji ya London yamebeba chokaa kutoka kwenye miamba, na kila anayepika chai hapa anaijua. Kwa hiyo dumu likarudi sinki, tukaanza na maji ya betri, yale yale ya chupa ya plastiki ambayo kila kituo cha mafuta nyumbani kinauza.

Gari lilikuwa Subaru Impreza WRX ya 2006, lita 2.5. Kijana hakuichagua kwa mapenzi peke yake. Tangu Oktoba 2021 eneo la ULEZ, la kudhibiti moshi wa magari, lilipopanuliwa hadi barabara ya North Circular, Tottenham iko ndani, na gari lisilotimiza kiwango hulipa pauni 12.50 kwa siku. Gari la petroli linatakiwa liwe Euro 4, na hii inapita. Lakini injini hiyo ya lita 2.5 ina ugonjwa unaojulikana dunia nzima: kuta nyembamba za pistoni zinazoshika ringi hupasuka injini ikigonga. Ukiongeza busti, yaani msukumo wa hewa ya turbo, bila mpango, unanunua injini nyingine.

Kugonga ninakokusema hapa si kule kwa beringi zilizokwisha. Ni mchanganyiko wa petroli na hewa uliobaki pembeni ya silinda kujilipukia wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Turbo huikandamiza hewa, hewa iliyokandamizwa hupata joto, na joto ndilo linaloleta balaa hilo. Intakula hupunguza sehemu ya joto. Kwenye Subaru hii imelala juu kabisa ya injini, kwa hiyo ukisimama kwenye foleni ya Seven Sisters nayo inachemka pamoja na vingine vyote. Maji yanaingia hapo kumalizia kazi.

Niwaondoe njiani wale wa video za gari linalotembea kwa maji. Maji hayaungui, ni haidrojeni ambayo imekwisha kuungua. Yanachofanya ndani ya injini ni kile yanachofanya kwenye mtungi wa udongo uliowekwa kivulini: yanatoka jasho, jasho linakauka, na kukauka huko kunanyang'anya joto. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke hubeba kilojuli 2,400 hivi. Petroli hubeba 350 tu, methanoli kama 1,100. Hapo ndipo pana siri yote. Nguvu haitoki kwenye maji. Maji yanakupa ruhusa ya kusogeza taimingi na kuongeza busti, na nguvu inatoka huko. Sasa ruhusa hiyo ikiondolewa ghafla, gari likiwa kwenye kasi, taimingi na busti bado ziko pale pale ulipoziweka. Nimeona watu wakihangaikia ukubwa wa pampu wiki nzima na swali la nini hutokea maji yakikatika wasilitupie hata jicho.

Fundi alianza kwa hesabu, nyuma ya karatasi ya risiti. Injini ya nguvu za farasi 250 ikikanyagwa mpaka mwisho hunywa kilo moja ya petroli kwa dakika na kidogo, yaani lita 1.4. Maji huwekwa kati ya asilimia 10 na 25 ya uzito wa petroli. Yeye alichagua 15. Inakuja gramu 156 kwa dakika, ambayo ni mililita hizo hizo. Nozeli iliyo karibu dukani ni ya 150. Kama maji yote hayo yangekauka kabla ya kufika kwenye valvu, hewa ingepoa kwa takriban digrii 30. Hayakauki yote. Mengi huingia silinda yakiwa bado matone na kumalizikia humo wakati wa mkandamizo, na ni afadhali, maana ndimo joto linamotakiwa kuvunjwa. Tangi la lita 5 kwa mwendo huo lingekwisha kwa dakika 32 za kukanyaga bila kuachia. Barabarani hakuna anayekanyaga hivyo, kwa hiyo lita 5 hukaa hata wiki kadhaa. Na kitu kinachokaa wiki kadhaa husahaulika.

Ufungaji wenyewe ulichukua Jumamosi moja isiyo na mechi. Siku Spurs wanapocheza nyumbani, barabara zinazozunguka uwanja hufungwa na gereji za karibu huwa kisiwa. Tangi liliwekwa ndani ya buti, pampu chini yake ili maji yateremke yenyewe kuifikia, na paipu ya nailoni ya milimita 6 ikapita chini ya gari mbali na ekzosi. Paipu ilikatwa kwa wembe, si kwa koleo. Koleo huibana ikawa yai, na yai kwenye kiungio cha kusukumia huvuja.

Nozeli ilikaa kwenye shingo ya intakula, pale hewa inapotokea kuelekea kwenye throtili. Intakula ilivuliwa kwanza, ikatobolewa mezani, ikakatwa nyuzi, ikaoshwa mara mbili. Chembe moja ya aluminiamu ikiingia injini, nidhamu yote ya maji haina maana. Fundi hakutumia ile tepe nyeupe ya mafundi bomba, kwa sababu uzi wake mmoja ukikatika safari yake inaishia kwenye nozeli. Alipaka gundi ya nyuzi kwa ncha ya kiberiti. Angeiweka mbele zaidi, baada ya throtili, kila dereva anapoachia mafuta mvuto wa injini ungenyonya maji yasiyoitwa. Hata hapo ilipo aliongeza valvu ya umeme karibu na nozeli, ili gari likiegeshwa mlimani tangi lisidondoshe tone moja moja mpaka silinda ijae. Maji hayakandamiziki, ukiwasha injini yenye silinda iliyojaa maji, kinachopinda ni mkono wa pistoni.

Kabla ya kuifunga aliijaribu ndani ya chupa angavu, pampu ikisukuma kwa bar 8. Ilitoa ukungu, si mchirizi. Kisha kikombe cha vipimo, dakika moja kwa saa ya simu: mililita 158. Kijana akafurahi kwamba imezidi. Haijazidi. Kwenye kikombe nozeli inapuliza hewani. Kwenye shingo ya intakula yenye busti ya bar 1.1 inasukumana na hewa iliyobanwa, na mtiririko unashuka hadi 147 hivi.

Kijana alitaka methanoli nusu kwa nusu, kwa kuwa rafiki zake wote wanaitia. Hoja yake si mbaya. Inakauka upesi kuliko maji, haigandi Januari, na Tottenham ina historia nayo. Hapa Northumberland Park ndipo kilipokuwa kiwanda cha John Alfred Prestwich, kile cha injini za JAP. Injini ya JAP ya nguvu za farasi 9 ndiyo iliyonyanyua ndege ya A. V. Roe mwaka 1909, ng'ambo ya Mto Lea kwenye vinamasi vya Walthamstow, na baadaye JAP zilitawala mashindano ya pikipiki ya speedway kwa miongo, zikinywa methanoli tupu. Methanoli ilipoza silinda zao kiasi cha kustahimili mkandamizo ambao petroli ya wakati ule isingeukubali.

Fundi alikataa. Sababu ya kwanza ni macho. Mkenya hahitaji kuelezwa methanoli kwenye chupa isiyo na lebo imefanya nini. Ya pili ndiyo ya kiufundi, na ndiyo iliyonishawishi. Methanoli ni mafuta. Ukishaitegemea unapunguza petroli kuipisha, na siku pampu ikifa unakosa baridi na mafuta kwa pamoja, mchanganyiko unakuwa mkavu wakati uleule joto linapanda. Maji matupu yakikatika unapoteza kitu kimoja. Baridi ya Januari aliitatua kishamba: mfumo utazimwa, tangi litamwagwa, na gari litarudi kwenye ramani yake ya kompyuta ya bila maji.

Ramani hiyo ilitengenezwa kwanza, kwenye mashine ya rola ya kupimia nguvu, upande wa Essex, kabla ya kufungulia hata tone. Busti bar 0.85, farasi 226, gari salama lenyewe. Ndipo maji yakafunguliwa kuanzia busti ya bar 0.6, chini ya hapo moto wa silinda ni mdogo na maji yanauzima tu. Hakubadilisha kitu kingine. Farasi zikashuka kwa tatu, na uso wa kijana nao. Ilitakiwa zishuke. Maji yanapunguza mwendo wa moto. Ukiyatia ukaacha taimingi ilivyokuwa, umenunua ukungu wa bei ghali.

Kipimajoto nacho kilikuwa na visa vyake. Kile cha kiwandani kiko kwenye kichujio cha hewa, kabla ya turbo, kwa hiyo kompyuta haijui kabisa kama kuna maji. Kingine kilichofungwa baada ya nozeli kilishuka kwa furaha, lakini kilikuwa kimelowa, na kipimajoto kilicholowa hupima jasho lake chenyewe. Fundi alikiacha kwenye skrini akaacha kukitazama. Aliamini masikio: kipaza sauti kidogo kimefungwa kwenye bloku, vipokea sauti kichwani. Injini ikigonga unasikia changarawe zikitikiswa kwenye kopo la maziwa.

Mchanganyiko wa hewa kwa petroli ulitolewa 10.8 ukapelekwa 11.6, kwa kuwa petroli ya ziada iliyokuwa ikifanya kazi ya kupoza sasa ina mbadala. Plagi zilibanwa pengo kidogo zisizimwe na unyevu. Kisha taimingi, digrii moja kila mbio. Ya kwanza, ya pili na ya tatu ziliongeza msukumo. Ya nne iliongeza kiduchu. Ya tano haikuongeza kitu. Injini haikugonga, lakini akarudi kwenye tatu. Nilimuuliza kwa nini asibaki nne. Akanionesha manifoldi: imechongwa kupitisha hewa kavu, na matone hayapindi kona kama hewa. Silinda moja inapata zaidi, nyingine pungufu, na huwezi kujua ni ipi. Digrii hiyo moja ni ya silinda yenye kiu. Busti ilipanda mwisho, hadi 1.1, na skrini ikasoma 259.

Wengi huishia hapo na kwenda kupiga picha. Lakini swali la tangi likikauka liliwahi kuzikabili kampuni kubwa pia. Oldsmobile walipouza Jetfire yenye turbo mwaka 1962, walimpa mnunuzi tangi la maji na methanoli, na tangi likikauka kulikuwa na valvu ya kubana busti ili injini isife. Valvu ilifanya kazi yake. Wenye magari walisahau kujaza, gari likawa zito, wakalalamika kwamba ni bovu, na mwishowe kampuni ikawa inang'oa turbo na kufunga kabureta ya kawaida. BMW walipoirudia hadithi kwenye M4 GTS ya 2016, gari la farasi 500, hata maji yaliyobaki kwenye paipu yalirudishwa tangini gari likizimwa, yasigande njiani.

Fundi wetu alikuwa na boya la tangi linalowasha taa, lakini hakulitegemea. Boya haliijui nozeli iliyoziba. Kipimo cha presha ni kibaya zaidi: nozeli ikiziba, presha inasoma vizuri mno. Alifunga kipimo cha mtiririko na kukipa mipaka miwili. Chini ya mililita 120, kuna kizibo au tangi tupu. Juu ya 180, paipu imechomoka. Ikitoka nje ya hapo, kompyuta inarudi kwenye ramani ya bila maji na valvu ya busti inakatiwa umeme, turbo ibaki na springi yake tu.

Kisha akaijaribu. Gia ya nne, mizunguko 4,500, mguu chini, akachomoa fyuzi ya pampu. Nilikuwa nimevaa vipokea sauti vya pili. Changarawe, mara mbili, halafu busti ikaanguka. Alivua vipokea sauti akanitazama bila kusema kitu. Kumbe kidhibiti kilikuwa kimewekewa subira ya sekunde nzima, kisitoe kengele za uongo. Akaipunguza hadi sekunde 0.3, akangoja injini ipoe, akarudia. Taa nyekundu, turbo ikashusha pumzi, masikioni hakuna kitu. Akarudia tena gia ya tatu, tena ya nne, na mara ya mwisho hakugusa fyuzi bali alimtuma kijana aibane paipu kwa koleo ndani ya buti. Hakuna kitu.