Saini Itazamwe Mwisho

Ukiletewa picha kuukuu ya mwanamichezo yenye saini, jicho hukimbilia saini. Hapo ndipo muuzaji wa bandia anapotaka likimbilie. Saini ni mistari michache, na mtu mwenye mkono mwepesi anaweza kuifanyia mazoezi hadi ikafanana. Kinachomshinda ni vile vinavyoizunguka: karatasi, wino, mikunjo, kutu, maelezo yaliyoandikwa nyuma, na habari za mikono iliyokishika kitu hicho tangu siku ya kwanza. Leo nachambua jinsi kumbukumbu ya michezo inavyopimwa, hatua kwa hatua, nikitumia vitu vya aina inayoweza kutoka kwenye sanduku la nyumba yoyote ya Mji wa Kale au mtaa mwingine wa kisiwa cha Mombasa.

Mji huu una kitu cha kulinda. Seraphino Antao, Mgoa aliyezaliwa Mombasa mwaka 1937, ndiye Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu katika mashindano makubwa ya kimataifa. Novemba 1962, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Perth, Australia, alizitwaa mbio mbili: yadi 100 na yadi 220. Ligi ya taifa ya soka ilipoanza mwaka 1963, Mombasa iliingiza timu mbili, Feisal na Liverpool, na mwaka 1965 Feisal wakawa mabingwa wa Kenya. Mambo haya yalitokea kabla televisheni haijaingia majumbani mwa watu wa Pwani. Ushahidi uliobaki ni picha, tiketi, programu za mechi, medali na jezi, na sehemu kubwa imo mikononi mwa familia. Bandia ikiachwa ipenye humo, haitamwibia mnunuzi peke yake. Itaingia katika historia yetu na kukaa.

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo chochote. Pima dai lenyewe. Tuseme unauziwa picha ya Antao akiwa mbioni, na nyuma pameandikwa kwamba ilipigwa na kutiwa saini Perth mwaka 1962, aliposhinda mita 100. Maelezo hayo yana kasoro. Perth walikimbia yadi. Mashindano hayo hayakuhamia kwenye mita hadi mwaka 1970, Edinburgh. Jina la michezo nalo lina tarehe yake. Kati ya 1954 na 1966 iliitwa rasmi Michezo ya Dola ya Uingereza na Jumuiya ya Madola. Cheti au beji iliyoliacha neno “Dola” na kubaki na Jumuiya ya Madola peke yake si ya Perth. Tazama na nembo. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, kwa hiyo mwaka 1962 bendera yenye ngao na mikuki haikuwako, wala nembo yenye neno “Harambee”. Antao alikuja kuibeba bendera mpya kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Tokyo, Oktoba 1964.

Lakini maelezo kukosea si sawa na picha kuwa ya uongo. Huenda jamaa wa nyumbani aliyeandika nyuma ya picha miaka thelathini baadaye alizoea kusema mita. Hitimisho sahihi ni kwamba maneno yale hayakuandikwa Perth, basi. Picha bado inasubiri kupimwa. Kosa hili la kukataa kitu kizima kwa sababu ya kasoro moja limefanya vitu vingi vya kweli vitupwe.

Programu za mechi nazo hupimwa hivyo hivyo, na mitaa ya Mombasa inasaidia sana. Moi Avenue ya leo ilikuwa Kilindini Road. Digo Road ilikuwa Salim Road. Nkrumah Road ilikuwa Fort Jesus Road. Matangazo ya maduka yaliyochapishwa pembeni mwa programu hutaja anwani. Programu inayodaiwa kuwa ya enzi za ukoloni, halafu duka la viatu linajitangaza liko Moi Avenue, imejishtaki yenyewe.

Baada ya dai, shika karatasi. Chombo cha kwanza tayari kiko kwenye kaunta za maduka mengi mjini: ile taa ya zambarau ya kukagulia noti, ambayo hutoa mwanga wa urujuanimno. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia watengenezaji wa karatasi walianza kutia kemikali za kung’arisha weupe, na katika miaka ya 1950 zikaenea hadi kwenye karatasi za picha. Karatasi yenye kemikali hizo, ikimulikwa gizani, huwaka weupe wa samawati. Sasa chukua picha inayosemwa ni ya timu ya Kenya kwenye Kombe la Gossage miaka ya 1930. Kombe hilo, lililotolewa na kampuni ya sabuni ya Gossage, lilianza kushindaniwa na Kenya na Uganda mwaka 1926, kwa hiyo dai lenyewe linawezekana. Karatasi ikiwaka, picha ile haikusafishwa miaka ya 1930. Ni nakala ya baadaye. Isipowaka, bado hujathibitisha kitu, kwa sababu si karatasi zote za baadaye zilizotiwa kemikali. Na kwa picha ya mwaka 1962, taa hii haina la kusema upande wowote. Kila kipimo kina mipaka yake, na mpimaji mwaminifu huitaja.

Ipindue picha uitazame mgongo. Picha za zamani za nyeusi na nyeupe zilisafishwa kwenye karatasi halisi, ambayo pembe zake hujikunja na nyuzi zake huonekana palipochanika. Karatasi ya picha iliyopakwa plastiki ilienea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Picha ya Feisal ya mwaka 1965 iliyoko kwenye karatasi ya plastiki imesafishwa upya kutoka kwenye negativu, au ni picha ya picha. Mhuri wa studio nyuma yake una thamani kubwa. Mombasa ilikuwa na wapiga picha wenye sifa, kama N. V. Parekh ambaye studio yake ilifanya kazi mjini tangu miaka ya 1940, na mhuri hukuelekeza mahali pa kulinganisha: nenda katafute picha nyingine za studio ile ile za miaka ile ile, utazame karatasi na mhuri.

Kisha kutu. Hewa ya kisiwani ina chumvi na unyevu, na pini za stepla zilizoshika programu ya mechi haziwezi kuukwepa. Pini iliyokaa miaka sitini Mombasa huacha doa la rangi ya hudhurungi, na doa hilo hupenya kwenye kurasa za jirani, likififia ukurasa kwa ukurasa. Fungua katikati uangalie. Pini ikiwa inang’aa huku matundu yake yamezungukwa na madoa ya kutu, programu ilifumuliwa ikafungwa upya, na huenda kurasa zimechanganywa. Pini ikiwa imeoza lakini karatasi inayoigusa ni safi, pini hiyo imetolewa kwingine ikapachikwa pale. Chai iliyopakwa ili kuzeesha karatasi nayo hujulikana: rangi yake huenea sawasawa hadi katikati, ilhali uzee wa kweli huanzia pembezoni, kule hewa inakofika kwanza.

Sasa ndipo tunaufikia wino, bado hatujaisoma saini. Azima lenzi ya sonara. Kalamu ya wino ya zamani, yenye ncha iliyopasuliwa, ikikandamizwa huacha kingo mbili zilizokolea na katikati palipofifia. Biro huacha mfereji kwenye karatasi, na wino wake mzito hujikusanya vidonge vidogo kwenye kona za herufi. Saini iliyochapwa mashineni haina mfereji; lenzi itakuonyesha nukta za rangi zilizopangana. Kalamu hizi zina miaka yake. Biro zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1945, na BIC Cristal, ile tunayoiita biki, ilitoka mwaka 1950. Kalamu nyembamba za felti ziliingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Sharpie, inayopendwa na wasaka saini, ilianza kuuzwa mwaka 1964. Saini ya Sharpie haiwezi kuwa ya Perth mwaka 1962.

Hata hivyo, Antao alihamia Uingereza na akafariki London mwaka 2011. Alikuwa na miaka mingi ya kutia saini picha zake za ujanani. Saini ya Sharpie inaweza kuwa yake kweli na tarehe ikawa ya uongo. Mnunuzi anayelipia saini ya siku ya ushindi akapewa saini ya uzeeni amelipa zaidi ya alichopata, ingawa hakuuziwa bandia.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote kwa kazi ya nyumbani ni mkunjo. Picha na karatasi za sandukuni aghalabu zimekunjwa. Tafuta mahali mstari wa saini unapovuka mkunjo, weka lenzi hapo, na umulike kwa tochi kutoka ubavuni ili kila tuta litoe kivuli. Saini ikitangulia na mkunjo ukafuata, mstari wa wino hukatika: wino hubanduka pamoja na nyuzi zilizovunjika, na ndani ya ufa utaona weupe wa karatasi. Mkunjo ukitangulia, nyuzi zilizokwisha kuvunjika hunywa wino kama utambi unywavyo mafuta. Wino husambaa kando kando ya ufa na kuzama ndani yake. Sheria hii inafaa pia kwa doa la maji, tundu la nondo na kutu ya pini. Anayeghushi hununua karatasi ya kale ya kweli, kwa hiyo vipimo vya karatasi atavipita. Lakini yeye huandika juu ya uchakavu uliokwisha kuwako, na mpangilio huo wa tabaka hawezi kuugeuza.

Mwisho wa vipimo vya mezani ni mkono wenyewe. Usiulize kama herufi zinafanana. Uliza kama zilikimbia. Mtu anayeandika jina lake mwenyewe huanza na kumaliza kalamu ikiwa tayari inatembea, kwa hiyo ncha za mistari huchongoka. Anayeiga huchora polepole: mistari ina unene mmoja, inatetemeka kwenye mapinda, na kalamu imeinuliwa mahali ambapo mwenyewe asingeinua. Saini mbili zikilandana kabisa, zitilie shaka, kwa maana hakuna mtu atiaye saini namna moja mara mbili. Kwenye mpira au karatasi ya timu nzima, linganisha majina yenyewe kwa yenyewe. Ni tabia ya zamani duniani kote kwa nahodha au mtumishi wa klabu kuwasainia wenzake. Majina kumi na moja yenye mlalo mmoja na mkandamizo mmoja ni kazi ya mtu mmoja.

Jezi hazina wino wa kupima, ila zina picha. Mwaka 2022 jezi aliyoivaa Diego Maradona alipoifunga Uingereza kwa mkono mwaka 1986 iliuzwa na Sotheby’s kwa pauni milioni 7.1. Jamaa za Maradona walidai ni jezi ya kipindi cha kwanza, siyo ya mabao. Jibu lilitoka kwa wataalamu waliolinganisha jezi na picha za mechi, wakitazama jinsi nembo, mistari na namba zilivyokaa. Jezi ya Mombasa ya miaka ya 1960 inaweza kupimwa hivyo hivyo: tazama kola, mshono wa namba, umbali wa namba kutoka mabegani. Jezi inayosemwa ni ya Feisal ya 1965 ikiwa na jina la mchezaji mgongoni iulizwe maswali makali. Desturi hiyo ilienea katika soka kuanzia miaka ya 1990.

Vyote hivi vinaweza kukanusha. Kinachothibitisha ni mnyororo wa mikono, na cheti cha mtaalamu hakijazi pengo lake. Upelelezi wa FBI ulioitwa Operation Bullpen, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990, ulifichua magenge yaliyouza saini bandia zikiwa na vyeti. FBI ilikadiria kwamba nusu au zaidi ya saini za wanamichezo wanaotafutwa sana zilikuwa za kughushi.

Hapa Mombasa tuna njia nzuri kuliko cheti: wazee wa barazani bado wanawajua walio pichani. Ila waulizwe kwa utaratibu. Mwoneshe kila mzee picha peke yake, bila kumtajia jina wala mwaka, uandike alichosema, kisha linganisha. Majina yanayokubaliana yapelekwe kwenye magazeti. East African Standard, lililozaliwa Mombasa mwaka 1902 kwa jina la African Standard kabla ya kuhamia Nairobi, liliandika matokeo ya michezo kwa miongo mingi, na tarehe ya gazeti haisahau.

Wenye masanduku nyumbani waanze sasa. Toa picha kwenye fremu, ipige picha mbele na nyuma, andika nyuma kwa penseli nyepesi, kamwe si biro, jina la aliyeitoa, aliyeipokea na lini. Itenganishe na ukuta wenye unyevu. Na kwa mnunuzi, shurti langu ni moja: kitu kitoke kwenye fremu kabla bei haijatajwa. Muuzaji akikataa usiuone mgongo wa karatasi, amekunyima nusu ya ushahidi, na hakuna saini nzuri kiasi cha kulipia nusu hiyo.