Upole Unaoruhusiwa kwa Maiti: Uanaume na Mapenzi katika War Requiem ya Derek Jarman

Filamu War Requiem (1989) ya mwongozaji Mwingereza Derek Jarman inaanza na askari mzee mwenye nishani kifuani, akisukumwa katika kiti cha magurudumu na muuguzi kijana. Mzee huyo ni Laurence Olivier, na hii ndiyo filamu yake ya mwisho. Sauti yake inaghani shairi la Wilfred Owen kuhusu askari anayekutana, katika ulimwengu wa wafu, na adui ambaye yeye mwenyewe alimuua jana yake. Baada ya hapo mazungumzo yanakoma, na muda uliobaki unatawaliwa na muziki wa Benjamin Britten. Wahusika wa Jarman wamebakiwa na miili tu. Hapo ndipo linapozuka swali la makala hii: mwili wa mwanamume vitani unaruhusiwa kuonyesha nini, na unaruhusiwa lini?

Filamu hii imebeba sauti za wanaume watatu wa nyakati tatu. Wa kwanza ni Owen, ofisa wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1917 alipelekwa katika hospitali ya Craiglockhart, Edinburgh, akiugua kile kilichoitwa wakati ule mshtuko wa mizinga, maradhi ambayo wengi waliyaona kuwa woga uliopewa jina la kitabibu. Huko alikutana na mshairi Siegfried Sassoon, akamhusudu na kumfanya mwalimu wake. Alirudi vitani, akapigana kwa ushujaa uliompatia nishani ya Military Cross, kisha akauawa tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja kabla ya vita kwisha. Wahakiki wengi leo wanamsoma kama mwanamume aliyependa wanaume. Lakini ushahidi una matundu, kwa kuwa ndugu yake Harold alifuta sehemu za barua zake kabla hazijachapishwa. Yamebaki mashairi, na ndani yake mikono, midomo na macho ya vijana hutajwa kwa upole ambao hauna pa kuelekea ila kwa majeruhi na maiti.

Wa pili ni Britten, aliyechukua mashairi tisa ya Owen akayafuma ndani ya Misa ya Wafu ya Kilatini. Kazi hiyo iliimbwa kwa mara ya kwanza tarehe 30 Mei 1962 katika kanisa kuu jipya la Coventry, lililojengwa kando ya magofu ya lile lililoteketezwa na mabomu ya Wajerumani mwaka 1940. Sauti ya tenori ilikuwa ya Peter Pears, mwenzi wa maisha wa Britten. Ya baritoni ilikuwa ya Dietrich Fischer-Dieskau, Mjerumani aliyewahi kuwa askari na mateka wa vita. Britten na Pears walikuwa wamekataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri zao, na mwaka ule wa 1962 sheria ya England bado iliyahesabu mapenzi kama yao kuwa jinai. Haikulegezwa hadi mwaka 1967. Mbele ya madhabahu, basi, mpenzi aliimba maneno ya marehemu kwa muziki wa mpenzi wake, na hadhira ikasikia wito wa amani. Sisemi kwamba hadhira ilidanganywa. Nasema kwamba tanzia ulikuwa mlango pekee uliokuwa wazi.

Wa tatu ni Jarman mwenyewe. Mwaka 1986 aligundua kwamba ana VVU, na hakulificha jambo hilo. Mwaka 1988, alipokuwa akiitengeneza filamu hii, Bunge lilipitisha Kifungu cha 28, kilichozikataza serikali za mitaa kile kilichoitwa kuyapigia debe mapenzi ya jinsia moja. Wakati huohuo vijana walikuwa wakifa wodini kwa UKIMWI. Jarman alipiga picha zake katika hospitali kuukuu huko Kent. Mtazamaji wa 1989 asingeweza kuziona kuta zile akafikiria mahandaki ya Ufaransa peke yake.

Sasa tuangalie jinsi upole unavyogawanywa ndani ya filamu. Katika sehemu ya Sanctus, muuguzi, anayeigizwa na Tilda Swinton, anasuka nywele zake huku uso wake ukipita kutoka kilio hadi furaha na kurudi tena, na kamera haikatizwi kwa dakika kadhaa. Huzuni yote ambayo wanaume wamenyimwa imewekwa juu ya mwili wa mwanamke mmoja. Ni uigizaji wa hali ya juu, lakini pia ni mgawo wa kazi tunaoujua vyema kutoka katika misiba yetu: wanawake ndani na kilio, wanaume nje na jeneza. Katika kisa cha Ibrahimu, ambacho Owen alikigeuza ili baba amchinje mwana badala ya kondoo, matajiri wanapiga makofi. Uanaume hapo ni deni ambalo wazee wanawadai vijana, na vijana wanalilipa kwa shingo zao.

Tukio ninaloliona kuwa moyo wa filamu ni la theluji. Askari Mwingereza na askari Mjerumani wanatupiana madonge ya theluji kama watoto. Kwa muda mfupi wanaume wawili wanafurahiana bila jeraha kuwapa kibali. Kisha mchezo unaeleweka vibaya, na damu inamwagika. Mahali pengine mwanamume anamgusa mwenzake kwa sababu mwenzake anavuja damu au amekwisha kufa. Jarman anatuonyesha wazi gharama ya kibali hicho, ila hathubutu kukaa nje yake kwa muda mrefu. Mwishoni anarudi kwenye uzuri wa maiti, na hapa ndipo ninapomlaumu. Maiti mzuri hamtishi mtu. Hata waliopitisha Kifungu cha 28 wangeweza kumlilia.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tunavikumbuka vita vilevile kwa jina Kariakoo, linalotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliokufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jijini Dar es Salaam, Sanamu ya Askari iliyosimikwa mwaka 1927 inamwonyesha mwanamume wa shaba nyeusi, bunduki mkononi, singe ikielekea bandarini. Mpagazi hayupo pale, kama asivyokuwepo kwa Jarman. Shaba haiumwi wala haimshiki mwenzake mkono, na hivyo ndivyo dola ilivyotaka mwanamume akumbukwe. Jarman alimlaza chini yule mwanamume wa shaba, akamvua nishani na kumwonyesha kuwa nyama. Hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo, nikiitazama tena filamu hii, macho yangu hayangojei tena msiba wa mwisho. Yanangojea wale wawili kwenye theluji, na kila mara natamani kamera ingewaacha wacheze kidogo zaidi.