Sikiliza Friwili

Nane Nane iliyopita nilisimama kando ya lami, mbele kidogo ya Kisesa, nikiwa na chupa ya maji na hasira. Chupa nilitoka nayo nyumbani. Hasira nilipewa na mtangazaji aliyekaa juu ya pikapu na kipaza sauti chake. Kijana mmoja wa jezi ya njano alikuwa ameongoza kundi la waendesha baiskeli tangu Igoma, kifua wazi, mabega yakiyumba, akikata upepo kwa niaba ya watu arobaini ambao hawakumwomba. "Simba wa barabara huyoo!" Watu wakapiga vigelegele. Mama mmoja akakimbia kando yake na kumbandika noti mgongoni.

Wakati wa kurudi kutoka Magu nilimkuta simba chini ya mwembe, viatu kavua, anatapika. Mtangazaji alikuwa bado hajachoka. "Lakini amepambana, ndugu zangu! Mpigieni makofi!"

Kupambana! Hata anayezama ziwani anapambana.

Najua tabia hii ilikotoka. Sisi huku Usukumani tumekulia kwenye ngoma. Wagika na Wagalu wanaposhindana, mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake, na kwa sababu hiyo mchezaji atafanya lolote: atabeba fisi, atavaa chatu shingoni, ataruka moto. Ni haki yake, maana umati ndiye hakimu. Mbio za baiskeli si ngoma. Umati hauoni kitu. Umati unaona wa mbele na wa mwisho, basi, na kazi yote inafanyika katikati.

Halafu ikaja Kigali. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, kilomita 267.5 juu na chini ya vilima vya Rwanda, na Tadej Pogačar akamaliza zaidi ya kilomita 60 za mwisho akiwa peke yake. Kila mtu aliiona hiyo kwenye simu. Tangu siku hiyo hakuna kijana wa Nyakato anayekubali kukaa kwenye kundi, kila mmoja anachomoka peke yake kwenye kilomita ya kumi. Hakuna aliyewaambia kwamba kabla ya kuchomoka, yule bwana alikaa saa nyingi akifichwa upepo na wenzake. Hiyo sehemu haikusambazwa. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France mwaka 2024 na kwenda nyumbani na jezi ya kijani, naye ukimtazama karibu siku nzima humuoni. Anaonekana mita 200 za mwisho. Huyo ndiye wa kuigwa na mtu wa lami ya tambarare kama yetu.

Kama kweli unataka kumjua mwendeshaji, usisimame kwenye utepe wa mwisho. Usisimame kwenye mlima pia, mlimani kila mtu anaonekana shujaa kwa sababu kila mtu anateseka. Tafuta tambarare. Tafuta sehemu ambapo upepo wa ziwa, ambao mchana huamka na kuwa na kiburi, unawajia waendeshaji usoni wanaporudi mjini, kidogo upande wa kulia. Simama karibu na lami kadiri polisi watakavyokuruhusu. Kisha fumba macho.

Ndiyo, fumba. Wageni wa mchezo huu wanakosea hapa kila mara: wanatazama. Wanatazama jezi, mapaja, baiskeli ya bei gani. Mimi nasikiliza friwili.

Kundi linapopita utasikia kwanza tairi, mvumo kama wa nyuki waliohamishwa mzinga. Juu ya mvumo huo utasikia minyororo, na kukohoa, na mtu akitema mate. Na katikati ya hayo yote utasikia friwili za watu wabaya: trrr. Kimya. Trrr-trrr. Kimya. Kama nyenje anayeshtuka usingizini. Kila trrr ni mguu uliosimama. Kila mguu uliosimama ni mtu aliyekwenda kasi kuliko alivyopaswa, akamkaribia mwenzake, akaogopa, akaacha kukanyaga. Baada ya trrr subiri sauti ya pili: mpira wa breki ukilamba ringi. Baada ya hapo ataanza tena kukanyaga kwa nguvu ili kuziba pengo alilolitengeneza mwenyewe, atakipita kipimo, na trrr nyingine. Amelipa mara mbili kwa bidhaa moja, na atafanya hivyo mara mia nne mpaka Buzuruga.

Wala halipi peke yake. Wa tatu akigusa breki kidogo, wa saba anaibana, wa kumi na tano anakaribia kushusha mguu chini. Kundi linajikunja na kujinyoosha kama kinanda cha mkono, na walioko mkiani wanakatika bila kuelewa wamekosea wapi. Hawakukosea. Aliyekosea yuko mita ishirini mbele yao anatabasamu kwa kamera.

Hesabu yake ni ya kikatili. Ukiongeza mwendo mara mbili, upinzani wa hewa unakuwa mara nne, na nguvu inayotakiwa kuushinda inakuwa mara nane. Anayekaa sawasawa nyuma ya gurudumu la mwenzake anaokoa karibu theluthi ya nguvu zake. Lakini anayekaa pale akishtuka na kukimbiza, akishtuka na kukimbiza, ile akiba anairudisha dukani na riba juu.

Mwendeshaji wa kweli anapita kimya. Si kwamba anakanyaga kwa nguvu muda wote, hapo ndipo ujanja ulipo. Mwenzake wa mbele akipunguza, yeye miguu haisimami, inazunguka mitupu tu, mnyororo umelegea kiasi cha unywele. Anainua kifua vidole viwili ili upepo umshike. Au anatoka upande nusu ya upana wa tairi, anauonja upepo, anarudi. Breki yake ni hewa. Aliye nyuma yake hajui kama kuna jambo limetokea, na zamu yake ya kuongoza ikifika ni vivyo hivyo: hachapi mwendo ili aonekane. Anapokea kasi kama mtu anayepokea mtoto aliyelala.

Niliyafundishwa haya na mzee mmoja aliyekuwa akisomba samaki kutoka mwaloni, matenga mawili ya sangara kwenye keria ya baiskeli ya Phoenix, gia moja, breki za kubahatisha. Siku za mbio alikuwa akifungua keria kwa spana, anaikabidhi kwa mkewe, anashindana, kisha anaifunga tena na kwenda kazini. Nilikuwa kijana mwenye nguvu kumzidi mara mbili na alinipiga misimu mitano mfululizo. Nilipomuuliza siri akasema, "Mwanangu, mguu ukisimama, mzigo unauliza kuna nini." Sikuelewa mpaka nilipobeba matenga mwenyewe. Kilo themanini za samaki nyuma yako hazitaki kushtuliwa. Ukisita, zinayumba, zikiyumba, unachora nane barabarani mbele ya basi. Wale watu walijifunza kuzungusha mguu laini kwa sababu mwalimu wao alikuwa mzigo, na mzigo hausamehi.

Sasa mwalimu ni gia ishirini na mbili na kisanduku kwenye usukani kinachomwambia kijana ametoa wati ngapi. Gia zimewafundisha uvivu. Najua hoja zote za upande wa pili na sizikubali.

Bila shaka, kipimo kikishajulikana wezi nao wanakijua. Kuna bwana mmoja, siku hizi ni mfanyabiashara anayeheshimika, alisikia kwamba wazee tunasikiliza friwili. Akaifungua yake, akaijaza gilisi nzito, ile ya beringi za lori. Wiki mbili alipita kimya kama paka na kila mtu akasema ameiva. Mimi mwenyewe nilimsifu mbele za watu, na hilo linaniuma hadi leo. Siku ya mashindano ilikuwa asubuhi ya baridi baada ya mvua. Mita mia tatu kabla ya utepe akasimama juu ya pedeli, akakanyaga kwa uzito wake wote, na vile vijino vya ndani, vilivyokuwa vimenata kwenye gilisi kama nzi kwenye asali, vikakataa kushika. Pedeli zikazunguka bure. Alipiga kifua kwenye usukani, akapitiliza utepe akiwa amekaa kwenye bomba la katikati, mahali ambapo mwanamume hapaswi kukaa kwa mwendo ule. Kwenye mbio za kweli kimya hutoka miguuni.

Wezi wengine hawastahili hata aya. Yupo anayeshika lori mlimani. Yupo anayepata pancha kila akiachwa, na ukimkuta tairi limejaa kama ngoma. Ni wizi wa zamani: mwaka 1904 waliomaliza wanne wa kwanza wa Tour de France, Maurice Garin akiwa juu yao, walifutwa wote, na ushindi akapewa kijana wa miaka 19, Henri Cornet. Sisi hatukuanzisha kitu.

Nyongeza chache, na sitazitetea. Mnyororo mchafu ni tabia chafu. Anayegeuka kutazama nyuma mara mbili ameshashindwa. Maji hunywewa kabla ya kiu na kabla ya mlima, kamwe si juu ya mlima huku ukijimwagia kifuani. Shimo lionyeshwe kwa kidole kimoja, kimya; anayepiga kelele "shimo!" ameliona amechelewa. Viwiko vikunjwe. Miwani ya jua ikae machoni, na kama imekaa kwenye nywele, mwenye nywele hizo arudi sokoni.

Na msiniletee Chris Froome. Nafahamu kwamba alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akapanda baiskeli na kina David Kinjah kule Kikuyu, na akashinda Tour de France mara nne, viwiko nje kama kuku anayekausha mabawa, macho chini kama aliyedondosha sarafu. Alikuwa mbaya kutazama. Nimeshasema, usitazame.

Basi siku ile ya Nane Nane nilifumba macho. Kundi la pili lilipita, watu kama kumi na wawili, na nilihesabu nyenje kwenye kila baiskeli isipokuwa moja. Nilifumbua macho nikawahi kuona mgongo tu: fulana ya mpira wa miguu iliyofifia, Phoenix, alama ya keria iliyofunguliwa asubuhi hiyo, skrubu zake mbili bado zinang'aa. Alimaliza wa tisa. Zawadi zilikuwa za watano.

Nilimtafuta. Alikuwa nyuma ya gari la maji, amechuchumaa, anakula kiazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hebu nipe hiyo baiskeli."

Akasimama haraka, akadhani amekosea sheria. Nilinyanyua nyuma, nikasukuma pedeli kwa mkono mara moja na kuiachia. Sijawahi kusikia friwili kavu namna ile. Ililia mpaka watoto wakageuka, mtangazaji akanyamaza katikati ya sentensi.

"Samahani, mzee," akasema, macho chini. "Gilisi imeisha tangu Pasaka. Nilitaka kununua nikipata zawadi."

Nilimuuliza anafanya kazi gani. Akasema anasomba mkaa. Nikamrudishia baiskeli, naye akaikokota kupita katikati ya watu kwenda kuitafuta keria yake, na njia nzima ikawa inalia, trrr, trrr, mara ya kwanza tangu asubuhi.