Watoto Wamefika, Mwalimu Yu Wapi?

Mtu atokaye Geita kwenda Bwanga hupitia Katoro, na kama hajapita hapo miaka mingi atadhani amepotea njia. Palipokuwa na mashamba ya mihogo sasa pana maduka na nyumba za bati, na mji umeungana na Buseresere hata mgeni hawezi kuutambua mpaka wa wilaya za Geita na Chato. Sababu yake yajulikana: dhahabu huleta watu, watu huleta biashara, na biashara huleta watu wengine. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012, na katika hesabu ya watu ya mwaka huo ulikuwa na watu zaidi ya 1,700,000; katika hesabu ya mwaka 2022 walikaribia 3,000,000. Watu hao hawakuja peke yao. Wamekuja na watoto wao, na watoto wanataka shule.

Nataka basi kuupima mpango wa serikali wa kugharimia shule na kuzipatia walimu. Sipendi kuupima kwa kelele, wala kwa sifa za bure, bali kama tusahihishavyo daftari la mwanafunzi: palipo sawa tutie alama ya vema, na palipokosewa tuonyeshe kosa na sababu yake.

Kwanza palipo sawa. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na mwaka 2002 ukaanza mpango wa MMEM wa kujenga madarasa na kuandikisha watoto. Lakini michango ilibaki, na wengi wetu tunakumbuka mtoto aliyerudishwa nyumbani asubuhi kwa sababu ya fedha ya mlinzi au ya mtihani. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliikataza michango hiyo ya lazima, na tangu Januari 2016 mtoto wa maskini aliingia mlangoni pamoja na mtoto wa tajiri. Tena Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilikuwa imeagiza kwamba kila mtoto apate mwaka mmoja wa elimu ya awali kabla ya darasa la kwanza. Hayo ni mema, na asiyeyashukuru ana roho ngumu.

Sasa kosa. Mlango huu si mara ya kwanza kufunguliwa. Mwaka 1974, kwa Azimio la Musoma, nchi iliamua kwamba watoto wote wasome. Watoto wakaja, na walimu wakatafutwa kwa haraka miongoni mwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakajifunza ualimu huku wakifundisha. Mwaka 2002 mlango ulifunguliwa tena, na mwaka 2016 mara ya tatu. Mara zote tatu watoto walitangulia, mwalimu akafuata nyuma. Na mara ya tatu alikawia zaidi, kwa maana katikati ya mwaka huo huo wa 2016 serikali ilisimamisha kuajiri ili kuwatafuta watumishi hewa, na mwaka 2017 watumishi zaidi ya 9,000 wakaondolewa kazini kwa vyeti vya uongo. Kuondoa uongo ni haki. Lakini mwenye nyumba angoaye nguzo mbovu huweka kwanza nguzo nyingine, ili paa lisiwaangukie waliomo ndani.

Pili, fedha. Wakati wa MMEM kila mwanafunzi wa shule ya msingi alikadiriwa ruzuku ya dola 10 kwa mwaka, nayo ilihesabiwa kuwa shilingi 10,000, maana dola moja haikufika shilingi 1,000. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, kiwango kilikuwa shilingi 10,000 zile zile. Katika hizo 4,000 zilizuiliwa kwa kununulia vitabu, na 6,000 zikapelekwa shuleni. Gawanyeni wenyewe: ni shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi, ili zinunue chaki na karatasi za mitihani, zitengeneze dawati na kitasa. Mwaka 2024 dola moja ilipita shilingi 2,500. Basi zile 10,000 hazikuzidi dola nne. Tarakimu haikuguswa na mtu, lakini zaidi ya nusu ya thamani yake ilitoweka, kama sabuni inayoisha mkononi mwa afuaye naye haoni.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, ni habari ya watoto wadogo. Kanuni husema mwalimu mmoja kwa watoto 45 katika shule ya msingi, na mwalimu mmoja kwa watoto 25 katika darasa la awali. Nilipata kufundisha katika shule moja ya upande huu. Siku moja niliingia darasa la awali kumshika zamu mwenzangu, nikaanza kuhesabu vichwa, na kabla sijamaliza wengine walikuwa wamekwisha kuhama sakafuni, hesabu ikanipotea. Hapakuwa na picha ukutani wala kitu cha kuchezea. Mwalimu wao alikuwa binti aliyemaliza kidato cha nne, aliyelipwa kwa vijisenti vya wazazi, na mwezi ambao wazazi hawakutoa, hakuja. Miaka mitatu baadaye nilimkuta mmoja wa watoto wale katika darasa la tatu. Aliweza kuandika jina lake tu. Mwaka uliofuata hakuonekana. Wenzake walisema yuko mwaloni, anasaidia kuosha mchanga wa dhahabu. Hakuna mtu aliyemfukuza shule. Alikuwa ameketi ndani yake miaka minne bila kufundishwa, akaona afadhali kazi ambayo jioni humpa kitu mkononi.

Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Sisi tunamwacha akauke, kisha darasa la saba tunamtafutia mwalimu hodari wa kumkunja. Na hapa lazima tujisahihishe walimu wenyewe. Shule hupimwa kwa mitihani ya darasa la nne na la saba. Kwa hiyo sisi tunawapeleka walimu hodari huko, na darasa la awali tunampa aliyebaki. Serikali haikutuagiza hivyo. Ni sisi tulioogopa kuwa wa mwisho katika orodha ya matokeo.

Wazazi nao wana sehemu yao. Walisikia neno "bure" wakafurahi, wakakunja mikono. Waraka Na. 3 wa mwaka 2016 ulieleza wazi kwamba sare, madaftari na chakula ni juu ya mzazi. Mtu ajengaye nyumba ya vyumba sita kwa fedha ya dhahabu, na mtoto wake hana penseli, asiilaumu serikali kwa penseli hiyo.

Nini kifanyike? Madarasa peke yake hayatoshi. Mwaka 2021, kwa mkopo uliotolewa wakati wa Uviko-19, serikali ilijenga madarasa 15,000 katika nchi, na 3,000 kati yake yalikuwa ya shule shikizi. Ni kazi kubwa, lakini ukuta haufundishi kusoma. Mwalimu huajiriwa na kulipwa na serikali kuu. Basi anapopangwa, Katoro ipimwe kwa watoto waliopo leo, wala si kwa waliokuwapo kabla mji haujafurika, na mwalimu wa awali ahesabiwe kwanza, asiwe wa masalio. Ruzuku nayo ipimwe upya kila bei zinapopanda. Halmashauri pia isikae ikingoja: sheria huipa ushuru kutokana na mapato ya makampuni, na tangu mwaka 2017 migodi inatakiwa kukubaliana nayo kila mwaka juu ya msaada kwa wenyeji. Ninapendekeza sehemu ya fedha hiyo, iliyotajwa wazi na kubandikwa ubaoni watu waisome, iwalipe wasaidizi wa madarasa ya awali mpaka walimu wenyewe watakapofika.

Najua wako watakaosema kwamba watoto ni wengi mno, na hakuna serikali iwezayo kuwatosheleza kwa mara moja. Ni kweli. Lakini atakayeshindwa kuwatosheleza wote na aanze na wadogo, kwa kuwa mtoto aliyejua kusoma mapema aweza kujisaidia hata katika darasa lililojaa, na asiyejua hasaidiki hata akipewa dawati la peke yake.

Dhahabu ya Geita iko siku itakwisha, maana ardhi haizai dhahabu mara mbili. Siku hiyo watu watauliza ilituachia nini. Ningependa tuweze kuwaonyesha watu waliojua kusoma tangu utoto wao, na mwalimu wa awali ambaye kila mwezi alipata mshahara wake.