Saini ya Gavana Ballali

Kwa karibu miaka 10 tulitembea na saini ya Daudi Ballali mifukoni. Noti zilizotoka mwaka 2003, ile ya 10,000 yenye tembo na ile ya 1,000 yenye sura ya Mwalimu Nyerere, zilikuwa na saini mbili: ya Waziri wa Fedha na ya Gavana wa Benki Kuu. Sisi wa Kagoma, huku Muleba, tulizipokea msimu wa kahawa, tukazifunga kwenye pindo la kitenge, tukazipeleka kwenye ada za shule na kwenye misiba. Sikumbuki mtu aliyewahi kuinua noti juani asome jina la aliyeisaini. Saini ya gavana ni maandishi yanayofika kila kijiji, na hayana msomaji.

Msomaji alipatikana baada ya gavana kuondolewa kazini, na hapo ndipo tatizo lilipoanza. Nimefuatilia kwa muda jinsi Ballali anavyosimuliwa magazetini, bungeni, vijiweni na mitandaoni. Naona hadithi mbili tu zikishindana. Ya kwanza ni ya upelelezi: yuko wapi, alikufa kweli? Ya pili ni ya kafara: alibebeshwa mizigo ya wakubwa. Zote mbili zinasisimua, na zote mbili zinaruka jambo lile lile, yaani kazi aliyokuwa akiifanya mezani kwake.

Tuanze na kazi hiyo. Ballali alikuwa mchumi aliyetumikia Shirika la Fedha la Kimataifa kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani. Rais Mkapa alimteua kuwa Gavana mwaka 1998, akichukua nafasi ya Idris Rashidi. Mfumuko wa bei, uliokuwa zaidi ya asilimia 10 alipoingia, ulishuka hadi karibu asilimia 5 katika miaka iliyofuata. Mwaka 2001 Tanzania ilikamilisha masharti ya kusamehewa madeni chini ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa. Mtu anayetaka kumwandika Ballali kama mwizi tangu siku ya kwanza lazima aeleze na miaka hiyo. Wengi hawaielezi. Wanaanzia mwisho.

Mwisho wenyewe unaitwa EPA, na hapa nahitaji kukueleza kitu ambacho mtu wa Kagera anakielewa haraka kuliko mchumi wa mjini. Kwetu kuna butura. Mkulima akibanwa na ada au ugonjwa, anauza kahawa ikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa. Wakati wa mavuno mnunuzi anakuja na magunia yake, anachukua. Serikali imeipiga marufuku butura mara nyingi, na bado ipo, kwa sababu shida hazisubiri msimu. Siri ya butura ni kwamba karatasi ndiyo yenye nguvu. Aliyelima si mwenye mali tena. Mwenye mali ni aliyeshika karatasi.

Akaunti ya Madeni ya Nje, yaani EPA, ilikuwa na siri hiyo hiyo. Katika miaka ya 1970 na 1980, mfanyabiashara wa Tanzania aliyeagiza bidhaa nje alilipa kwa shilingi katika Benki ya Taifa ya Biashara. Nchi haikuwa na dola za kumfikishia muuzaji wa ng'ambo, kwa hiyo deni likabaki. Mwaka 1985 mzigo huo ukahamishiwa Benki Kuu. Baadaye muuzaji wa nje aliyechoka kusubiri aliweza kuhamisha haki yake ya kulipwa kwa kampuni nyingine, hata ya hapa nchini. Kampuni hiyo ingekuja Benki Kuu na hati, na ingelipwa. Aliyeuza trekta au dawa mwaka 1980 hakuwa tena mwenye deni. Mwenye deni ni aliyeshika hati.

Na kwa nini dola zilikosekana? Bei ya mafuta ilipanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, bei ya kahawa iliporomoka baada ya kupaa, na Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka na kuiteka sehemu ya mkoa wetu. Vita vya Kagera vilikula fedha za kigeni za nchi nzima, na kahawa, ile inayochumwa hapa Kagoma, ilikuwa miongoni mwa mazao makuu yaliyozileta. Kwa hiyo EPA haikuwa jambo la ghorofani Dar es Salaam peke yake. Ndani ya madeni yale mlikuwa na vita vyetu na magunia yetu.

Katika mwaka wa fedha 2005/06, mwaka wa uchaguzi mkuu, akaunti hiyo ililipa shilingi bilioni 133 kwa kampuni 22. Ukaguzi wa Ernst & Young ulionyesha baadaye kwamba malipo hayo hayakuwa halali, na kwamba kampuni 13 kati ya hizo zilipata takriban bilioni 90 kwa nyaraka za kughushi. Iliyojulikana kuliko zote ni Kagoda Agriculture, kampuni iliyosajiliwa mwishoni mwa Septemba 2005 na kulipwa zaidi ya dola milioni 30 muda mfupi baadaye. Jina lake linatofautiana na la kijiji chetu kwa herufi moja, na lina neno kilimo ndani yake. Wakulima wa Kagoma walilicheka sana jina hilo, kile kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole.

Tarehe 15 Septemba 2007, Dk. Willibrod Slaa alisimama Mwembeyanga, Temeke, akasoma orodha ya watu 11 aliowatuhumu kwa ufisadi. Ballali alikuwamo. Tangu hapo hata neno lenyewe lilihama makazi. Fisadi wa kamusi za zamani alikuwa mharibifu wa maadili, mtongozaji wa wake za watu. Fisadi wa baada ya Mwembeyanga ana akaunti benki. Januari 2008 Ikulu ilitangaza kwamba Rais Kikwete ametengua uteuzi wa Ballali, ambaye wakati huo alikuwa Marekani akitibiwa. Profesa Benno Ndulu akateuliwa kushika nafasi yake. Mei mwaka huo huo Ballali alifariki huko huko Marekani, bila kupanda kizimbani na bila kuliambia taifa upande wake.

Hapo ndipo hadithi ya upelelezi ilipozaliwa. Taifa halikuona jeneza, basi taifa likakataa kifo. Palizuka hata akaunti ya Twitter iliyotumia jina lake, na watu wazima wenye shahada waliifuata wakisubiri siri. Naelewa mvuto wake. Kwetu msiba usio na kaburi haufungwi, na matanga hayaishi. Lakini angalia hadithi hii inavyotufanyia. Inahamisha swali kutoka kwenye fedha kwenda kwenye mwili. Miaka tunayoitumia kubishana kama mtu mmoja anapumua, ni miaka ambayo hatuulizi kampuni 22 zilipita madirisha mangapi ya Benki Kuu, na karani, mwanasheria na mkurugenzi gani aligonga muhuri kwenye kila dirisha. Mpelelezi wa riwaya humtafuta mtu. Mkaguzi hutafuta karatasi. Sisi tulichagua riwaya.

Hadithi ya kafara inaonekana ya kiutu uzima zaidi. Inasema gavana hawezi kulipa mabilioni bila kuagizwa; fedha zilikwenda kwenye kampeni; Ballali aliachwa abebe. Madai ya kampeni yalirudiwa sana, ingawa hakuna mahakama iliyowahi kuyathibitisha. Hata tukiyakubali kwa muda, bado hadithi hii ina kasoro nzito: inamgeuza gavana kuwa mjumbe wa nyumba kumi. Kama saini yake ilikuwa ya kutii tu, kwa nini iwekwe kwenye noti? Benki Kuu inapewa uhuru kisheria hasa ili awepo mtu mmoja mwenye cheo cha kusema hapana kwa wenye vyeo vikubwa zaidi.

Na kusema hapana kunawezekana. Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa nchi hii, alikuwa Waziri wa Fedha mwaka 1979 alipotofautiana na Mwalimu Nyerere kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Akajiuzulu. Unaweza kuamini, kama wengi wa kizazi cha wazazi wangu, kwamba Mwalimu ndiye aliyekuwa sahihi. Lakini Mtei alijua kuwa saini inaweza kuzuiliwa, na gharama yake ni kiti. Miaka 30 baadaye aliandika kumbukumbu zake, From Goatherd to Governor, nasi tunaweza kubishana naye ukurasa kwa ukurasa. Ballali hakutuachia ukurasa wa kubishana nao. Wanaomtetea kwa kusema aliagizwa wanamnyima heshima ya mwisho anayostahili mtu mzima, yaani kuhesabiwa kuwa aliweza kuchagua.

Kilichofuata kilikwenda vipande vipande. Agosti 2008 Rais aliliambia Bunge kwamba waliochukua fedha wamepewa hadi tarehe 31 Oktoba kuzirudisha, na kwamba zitakazorudi zitaelekezwa kwenye kilimo, ikiwemo ruzuku ya pembejeo. Novemba watuhumiwa wakaanza kufikishwa Kisutu, na baadhi walifungwa. Lakini ukisikiliza jinsi suala zima linavyokumbukwa, utaona kesi zile hazimo. Wamebaki watu wawili: marehemu asiyekubalika kuwa marehemu, na Kagoda asiye na sura.

Kinachoniuma zaidi ni ile pembejeo. Fedha iliyotokana na madeni ya miaka ambayo kahawa yetu ilikuwa ikiibeba nchi, ikachotwa kwa karatasi, kisha sehemu yake ikarudi kwa mkulima ikiitwa ruzuku. Mkulima wa Kagoma aliyepewa vocha ya mbolea alitakiwa kushukuru. Hakuna aliyekaa naye kumweleza kwamba ile haikuwa zawadi.

Ndiyo maana nataka wasifu wa Ballali uandikwe, na uandikwe na kijana asiyeogopa mahesabu. Asianzie makaburini Marekani. Aanzie kwenye faili moja la malipo, alifuate kutoka hati ya kuhamisha deni hadi hundi, ataje kila mkono uliolishika na sheria iliyouruhusu au kuukataza. Aiweke humo miaka ya mfumuko wa bei uliotulia, kwa sababu nayo ilikuwa kazi ya mtu huyo huyo. Kisha akitafsiri kile alichokikuta, aje akisome huku kwetu, mbele ya watu wanaojua butura. Watamuuliza maswali magumu kuliko yale ya Twitter.