Siku za Melini: Njeo na Nathari ya Safari, Kutoka Baharini hadi Homa Bay

Msomaji wa habari za safari katika Kiswahili hukutana mara nyingi na jambo la kushangaza. Meli hutajwa inapong'oa nanga, na hukumbukwa tena inapotia nanga. Lakini siku zilizo baina ya nanga mbili hupita kama kwamba hazikuwapo. Abiria alikula nini, alilala karibu na nani, alikisema lugha gani na jirani yake wa sitahani, hayo hayaandikwi. Bandari hupewa kurasa, bahari hupewa mstari. Aghalabu lawama hutupwa kwa mwandishi, ati hakuwa na jicho la kuona. Hukumu hiyo ni ya haraka. Kasoro imo katika umbo la masimulizi aliyoyarithi, na dalili yake iko wazi katika njeo.

Nathari ya safari ya Kiswahili ilipoanza kupigwa chapa ilikuwa hasa nathari ya nchi kavu. Mkusanyo wa Carl Velten, Safari za Wasuaheli (1901), una safari ya Mtoro bin Mwinyi Bakari kutoka Udoe hata Uzigua, na hata ile ya Selim bin Abakari iliyofika Urusi na Siberia. Umbali ni mwingine, lakini roho ya mkusanyo ni ya msafara wa miguu. Msafara hulala, huamka, hufika. Na kiambishi kinachoubeba ni -KA-. Kila -KA- ni hatua moja: tukatoka, tukavuka mto, tukapiga kambi. Kwa mtembezi jambo hili ni sawa kabisa, kwa kuwa kwenda kwake ndilo tukio lenyewe. Abiria wa meli hali yake ni nyingine. Yeye haendi, anapelekwa. Kwenda kwake ni kukaa, na -KA- haina la kufanya na mtu aliyekaa. Ndiyo maana mwandishi aliyelelewa na masimulizi ya msafara, akipanda meli, hana budi kuruka hadi bandari ifuatayo, ambako miguu yake itagusa ardhi na kiambishi chake kitapata kazi tena.

Kuna kitabu kimoja cha jirani kinachofaa kulinganishwa. Mwaka 1902 Ham Mukasa alifuatana na Katikiro wa Buganda, Apolo Kagwa, kwenda Uingereza kushuhudia kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Habari aliyoiandika kwa Kiluganda ilitafsiriwa na Ernest Millar, ikachapishwa London mwaka 1904. Taban lo Liyong akaihariri upya mwaka 1975. Mukasa hupima kila kigeni kwa kipimo cha nyumbani, na kwa sababu hiyo safari yenyewe humpa la kusema, si mwisho wake tu. Yumkini asili yake ilimsaidia. Alitoka katika nchi iliyokuwa na mitumbwi mingi ya Kabaka chini ya Gabunga, nchi ambamo kukaa chomboni lilikuwa jambo la kusimuliwa. Isisemwe kwamba Kiluganda kilimwezesha, kwani Kiluganda nacho kina namna yake ya kuunganisha matukio mfululizo. Tofauti ni ya mazoea.

Ziwa hilohilo ndilo linalofika Homa Bay. Mviringo wa ziwa ulikuwa na safari ndefu za meli zenye vituo: Rusinga, iliyopewa jina la kisiwa ambacho leo kimo katika Kaunti ya Homa Bay, iliundwa mwaka 1914, na Victoria ilianza kazi mwaka 1961. Ndani ya Ghuba ya Winam vyombo vidogo vya reli vilitoka Kisumu vikigusa Kendu Bay, Homa Bay na Mbita. Tuseme mwandishi wa msafara amepanda kimojawapo: Chombo kikatoka Kisumu, kikafika Kendu Bay, kikafika Homa Bay. Imekwisha. Mwingine aandike: Chombo kikiondoka, wanawake wa samaki hutandika mikeka karibu na mizigo yao, na mwenye mtoto hupishwa mahali penye kivuli. Hapo sitaha imeingia katika maandishi.

Hata hivyo HU- ina gharama yake, na wahakiki hawaitaji sana. Kiambishi hicho hakichukui nafsi. "Hutandika" yaweza kuwa mimi, wewe au wao. Sitaha iliyoandikwa kwa HU- peke yake hugeuka umati usio na sura. Mwandishi stadi atairudisha nafsi kwa "alikuwa akitandika", mara moja moja, pale mtu mmoja anapostahili kuonekana.

Yupo atakayepinga kwamba safari ya ghuba ni ya saa, si ya siku, hivyo haina maisha ya kila siku. Pingamizi hili linasahau mchuuzi apandaye kila juma. Kwake yeye kufika Homa Bay si habari. Alifika juma lililopita. Lililo habari ni nani hakupanda leo.

Msamiati nao una neno la kusema. "Meli" yenyewe ilianza kama chombo cha barua katika Kiingereza, na Mjaluo ameipokea kama ilivyo. Lakini "nanga" kwake ni nguo, na "nam" ni ziwa na ni bahari pia. "Pwani" ni neno la maji yanayokupwa, na maji ya Homa Bay hayakupwi. Mvuvi wa huko huhesabu siku kwa upepo unaotoka nchi kavu usiku na ule unaotoka ziwani alasiri. Mwandishi anayehamisha msamiati wa bahari pamoja na saa zake ataandika ziwa ambalo hakuna aliyelivua.

Haya yana uzito darasani. Tangu mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, Kiswahili kimekuwa somo la lazima la mtihani nchini Kenya, na insha ya safari ni mgeni wa kudumu. Mtoto wa kando ya ziwa afundishwaye kwamba insha nzuri huamka mapema, hupanda na hufika, anafundishwa kukitupa kile anachokijua kuliko mtoto wa Nairobi. Vyombo vya reli havichukui tena abiria kati ya Kisumu na Homa Bay. Wengi hupita barabarani. Kivuko cha Mbita na Luanda Kotieno bado kinavusha watu, na mwalimu anayetaka kuijaribu HU- anaweza kuanzia hapo, wanafunzi wakiwa wameketi.