Biti 14 za Philips CD100

Deki za kwanza za CD zinapolinganishwa, Philips CD100 huwekwa upande wa zilizopungukiwa. Sony iliitoa CDP-101 Japani Oktoba 1982, ikiwa na trei ya kutoka mbele, rimoti na chipu ya biti 16, idadi ileile iliyorekodiwa kwenye CD. CD100, iliyoingia sokoni Ulaya 1983, ilikuwa ndogo, ya kufunguliwa kifuniko juu, haina rimoti, na chipu zake za kugeuza namba kuwa sauti, TDA1540, zilikuwa za biti 14. Kila biti ina thamani ya desibeli 6 hivi, kwa hiyo wengi hutoa 12 moja kwa moja na kufunga mjadala. Wanasahau kwamba usahihi unaokosekana kwenye biti unaweza kufidiwa kwa kasi.

CD hutoa sampuli 44,100 kwa sekunde kwa kila chaneli. Ndani ya CD100, chipu ya SAA7030 hukokotoa sampuli za katikati hadi zifike 176,400. Kelele inayotokana na kukata namba husambaa kwenye masafa mapana mara nne, na robo yake tu ndiyo inayobaki panaposikika: hapo zimepatikana desibeli 6. Kisha kuna ujanja ninaoupenda zaidi. Namba inapokatwa kuwa ya biti 14, salio halitupwi, hupelekwa kwenye sampuli inayofuata, kama muuza duka asiye na chenji anayeingiza shilingi ya mteja kwenye hesabu ya kesho. Kosa husukumwa kwenye masafa ya juu yasiyosikika, zikapatikana desibeli 7 nyingine. Ukianza na 84 za biti 14, unafika 97, yaani kiwango cha biti 16.

Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko kwenye uchujaji. Kwa sampuli 44,100, vivuli vya sauti, yaani nakala zake zisizotakiwa zinazojitokeza kwenye masafa ya juu, huanzia kilohezi 24, jirani kabisa na 20 ambako muziki unaishia, hivyo Sony ililazimika kuweka kichujio cha analojia kikali sana, chenye kuvuruga mpangilio wa wakati wa sauti nyembamba. CD100 ilifanya kazi hiyo kwa hesabu. Vivuli vizito vilivyobaki viko juu ya kilohezi 150, na kichujio laini kinavimaliza.

Atasema mtu: salio lina maana gani kama biti 14 zenyewe si sahihi? Ni hoja ya haki, na jibu limo ndani ya TDA1540: mikondo ya umeme inayopaswa kulingana hubadilishana nafasi kwa kasi, tofauti zao ndogo zikafutana. Hoja nyingine, kwamba Sony ilithibitisha biti 16 zinawezekana, ni kweli nusu. CDP-101 ilitumia chipu moja kwa chaneli zote mbili kwa zamu, moja ikichelewa takriban sehemu 11 za milioni za sekunde. (Mashabiki wa Philips huikuza mno kasoro hii, kwa muda huo sauti husafiri milimita 4 tu hewani.) CD100 iliipa kila chaneli chipu yake. Na katikati ya miaka ya 1980, Philips ilipopata TDA1541 ya biti 16, haikurudi kwenye kichujio kikali: iliendelea kuzidisha sampuli mara nne.